Kuvu Kwenye Mfuko wa Moyo

Wadogo zangu wa maabara, siku mlipokuja nyumbani na kuku na kitenge kunipongeza kwa kustaafu, mmoja wenu alisema, "Mama Labo, uandike. Ukikufa na ile yote katika kichwa, sisi tutafanya nini?" Nilikuwa nimestaafu siku nne tu na tayari mlikuwa mnanipangia kifo. Lakini mlisema kweli, kwa hiyo nimenunua daftari. Vyeo sitaviandika, maana havijazi ukurasa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya kazi, na hasa juu ya ugonjwa mmoja ambao nimeuona mara mbili tu katika maisha yangu yote: kuvu inayoingia katika mfuko unaouzunguka moyo. Mara ya kwanza tuliigundua ikiwa imekwisha kufanya kazi yake. Mara ya pili tuliiwahi.

Nilianza kazi nikiwa msichana mwembamba, mtoto wa wakulima wa mpunga na mihogo wa upande wa Kasongo, niliyeota kwa Kizimba, lugha ya nyumbani, na kusoma kwa Kifaransa. Siku ya kwanza nilivunja lami tatu, vile vioo vyembamba tunavyopakia damu na makohozi. Mkuu wa maabara, Muzee Kalonda, alikuwa mtu mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Nilingoja anifukuze. Akachukua ufagio, akaninyooshea.

"Lami inavunjika, si kitu," alisema. "Lakini mukono wako usikatike. Niko naitaka kesho."

Darubini yetu ya wakati ule haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini, na tulikinga mwanga wa jua kutoka dirishani kama mtu anayekinga maji ya mvua. Mawingu yakifunga, malaria yote ya Kasongo ilipata mapumziko. Santrifiji, ile mashine ya kuzungusha maji ili uchafu ushuke chini ya mrija, ilikuwa ya kuzungushwa kwa mkono, na usipokaza vizuri skrubu yake ilitembea mezani kama kobe. Muzee alipima dakika kwa saa yake. Mimi nilipima kwa wimbo wa kanisani, na nilipozoea tulikuwa tunamaliza pamoja.

Alinifundisha mambo mengi, lakini mawili nayaandika hapa kwa sababu yatahitajika mbele. La kwanza ni namna ya kuandika jibu. Siku moja niliandika "hakuna" kwenye karatasi ya mgonjwa, akaifuta. "Hakuna, Mungu peke yake anaweza kusema. Wewe andika: sikuona." La pili, hakumwaga kamwe maji yaliyotoka mahali pa nadra mwilini. Maji ya uti wa mgongo, maji ya goti, maji ya kifua: aliyafunga, akaandika jina, akayaweka katika friji hadi mgonjwa arudi kwao. Friji ile ilikuwa ya mafuta ya taa na ilinuka hivyo, na wauguzi walisema Muzee anafuga maji. Aliendelea kuandika majina.

Nilikuwa na miaka michache kazini tulipoletewa mwalimu kutoka Wamaza. Tumwite Mwalimu Assani. Pikipiki ilimleta kwa siku mbili, amewekwa katikati ya dereva na mke wake, kwa sababu peke yake asingeweza kukaa. Nilimwona akishushwa. Hakuweza kulala chali hata kidogo. Aliketi ameinama mbele, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka mchangani. Miguu ilikuwa imevimba, mishipa ya shingo imesimama kama kamba.

Kwa wale wenu walio wapya kabisa: moyo unakaa ndani ya mfuko, na katika mfuko huo kuna maji kidogo tu, ya kuulainisha. Ugonjwa ukiingia humo, maji yanaongezeka. Mfuko hautanuki haraka, kwa hiyo moyo ndio unaobanwa. Unapiga, lakini haupati nafasi ya kujaa. Daktari akisikiliza anausikia kwa mbali, kama mtu anayetwanga kijiji cha pili. Na huku kwetu, maji ya namna hiyo yakionekana, kila mtu anafikiri kifua kikuu, na mara nyingi sana kila mtu anakuwa amesema kweli.

Daktari wa wakati huo aliingiza sindano ndefu chini ya mfupa wa kifua, akaielekeza kwenye bega la kushoto, akatoa maji ya rangi ya chai. Mwalimu akavuta pumzi kama aliyetolewa mtoni. Maji yakaja kwangu. Muzee Kalonda alikuwa amekwenda Kabambare kwa mazishi ya ndugu, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu peke yangu. Nilizungusha, nikapaka, nikatia rangi nyekundu ya kutafutia kifua kikuu, nikatazama hadi shingo ikauma. Sikukuta kitu. Na kwa kuwa Muzee hakuwepo, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka na nimejiona fundi, niliandika "hakuna."

Daktari hakulitegemea jibu langu sana. Kifua kikuu cha moyoni hujificha. Alimpa dawa za kifua kikuu, na juu yake vidonge vya prednisoloni vya kutuliza uvimbe, kama inavyofanywa kwa wagonjwa wa namna hiyo. Kwa wiki mbili mwalimu alipata nafuu. Alianza kuwafundisha wagonjwa wenzake hesabu kwa mawe. Kisha uvimbe ukarudi, na baada yake kichwa kikaanza kumuuma, maumivu ya kumfanya afunike macho na shuka mchana kweupe. Daktari akatoa maji ya uti wa mgongo.

Maji ya uti wa mgongo tuliyatia wino wa Kichina, kama kawaida. Ni wino mweusi wa kuchorea, si dawa. Unatia tone moja la wino kando ya tone moja la maji, unafunika, unatazama. Kila kitu kinakuwa usiku, na ile kuvu, ambayo imejivika koti nene la ute, inaonekana kama mwezi wenye duara jeupe kuzunguka. Muzee Kalonda alikuwa amerudi. Alitazama kwanza, kisha akasogea nitazame mimi. Ilikuwa imejaa.

Akasema, "Lete yale maji ya moyo."

Yalikuwa bado katika friji, jina la Mwalimu Assani juu yake kwa mwandiko wangu. Tulitia wino. Tukaona vitu vilevile, si vingi, lakini vipo. Vilikuwemo tangu siku ya kwanza. Mtu mmoja alikuwa amevikosa kwa sababu alitafuta kitu kimoja tu, na mtu huyo ni mimi. Na zile dawa za kutuliza uvimbe, ambazo kwa kifua kikuu ni msaada, kwa kuvu zilikuwa kama kumfunga mbwa wa nyumba ili mwizi apite.

Dawa ya kuvu ilianza siku hiyohiyo. Mwalimu alikufa baada ya siku mbili.

Nilidhani habari hii itabaki kati yetu na friji. Muzee hakukubali. Aliomba ruhusa kwa daktari, tukaenda wote watatu kwa mke wa mwalimu, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya wodi akifunga vitu. Alitutazama tukija, akaacha kufunga.

"Mama," Muzee alisema, "tunakuja kukuambia kweli. Ile iliyomuua bwana yako haikuwa kifua kikuu. Ilikuwa kuvu. Ilikuwa katika maji ya moyo tangu siku ya kwanza, na sisi wa labo hatukuiona."

Alisema "sisi". Nilikuwa najua nani alishika karatasi siku ile. Nikasema, "Ni mimi, Mama. Ni mimi niliangalia."

Mwanamke yule alinitazama muda mrefu. Nilitamani apige kelele. Akauliza, "Kama mungeiona, angepona?"

"Hatujui," daktari alijibu. "Labda."

"Bwana yangu alikuwa mwalimu," alisema baadaye. "Mutoto akikosea hesabu, hakumupiga. Alikuwa namuambia: futa, andika tena, mara hii polepole." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Na nyinyi muandike tena. Mungine akikuja, mumuangalie polepole."

Nimepokea makaripio mengi katika kazi, na mengine yalikuwa na mihuri. Hakuna hata moja lililonifaa kama hilo.

Tangu siku hiyo tukaweka sheria yetu: maji yoyote ya moyo, hata kama daktari hajaomba, yanatiwa wino. Muzee Kalonda alipostaafu, na hata alipozikwa, sheria ikabaki. Nilikwenda nayo Kabambare nilipotumwa kuwafundisha wauguzi wa vituo vya afya, chupa ndogo ya wino mfukoni na tope hadi magotini, na barabara ile mnaijua: ni mojawapo ya mahali pachache ambapo pikipiki inampanda mtu badala ya mtu kuipanda. Wauguzi walinisikiliza kwa adabu. Mmoja akaniuliza kama wino huo unaweza kuandikia barua. Nikamwambia unaweza, na kwamba akiutumia kwa barua nitajua.

Miaka ikapita, maji ya moyo yakaja na kuondoka, na wino haukuonyesha kitu ila mapovu. Nyinyi wenyewe mlianza kucheka. Mlikuwa mkisema "wino wa Mama Labo" kama watu wanavyotaja dawa ya bibi. Sikukasirika. Nilijifunza mapovu vizuri sana, na kujua mapovu ni nusu ya kazi. Povu la hewa lina ukingo mnene mweusi na ndani hakuna mtu. Chembe nyeupe ya damu, wino unaisogelea hadi kwenye ngozi yake. Haina koti, au koti lake limechanikachanika. Kuvu ina mwili wa mviringo, ukuta unaong'aa, na duara jeupe lenye ukingo safi. Wakati mwingine mnaona kidogo kimechipuka ubavuni mwa kikubwa. Mkiona mama na mtoto wake, acheni kubishana.

Nabintu aliletwa katika miaka yangu ya mwisho ya kazi, wakati wa mvua. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyetoka upande wa Bukavu na kufuata dhahabu hadi Salamabila, ambako hakuchimba bali aliwapikia wachimbaji maharage na bugali. Aliyemleta ni Aziza, mfanyabiashara mwenzake, Mwislamu wa hukuhuku Maniema; wawili hao walipangisha chumba kimoja na jiko moja, na tofauti pekee waliyoisema ni kwamba mmoja alipumzika Ijumaa na mwingine Jumapili, hivyo jiko halikuzima. Nabintu alikuwa amekwisha kutumia dawa za kifua kikuu zaidi ya mwezi, pamoja na prednisoloni, na alikuwa anazidi. Alishuka kwenye pikipiki ameinama mbele, miguu imevimba.

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa maabara. Nilipomwona ameinama vile, niliingia ndani kutafuta chupa ya wino.

Daktari wetu sasa alikuwa Daktari Shabani, kijana mpole, mwenye ekografi ndogo ya kubeba, ile mashine ya kuona ndani ya mwili. Alimpaka Nabintu jeli kifuani, na kwenye kioo cha mashine tukauona moyo unaogelea katika maji meusi, ukiyumba upande huu na huu. Alisikiliza, akashika mapigo ya mkono, akamwambia avute pumzi. Kila alipovuta, mapigo yalipotea.

"Tunatoa maji sasa hivi," alisema. "Mama Labo, leta mirija."

Yalitoka maji zaidi ya nusu lita, ya rangi ya chai iliyotiwa damu kidogo. Nabintu alifumbua macho, akasema, "Ee Mungu wangu, kumbe hewa iko." Aziza akalia na kucheka pamoja.

Nilikwenda na mirija yangu maabarani. Santrifiji sasa ilikuwa ya umeme, ya paneli za jua. Rangi nyekundu: sikuona. Mashine mpya ya kutafuta kifua kikuu: haikuona. Nikatia wino.

Nilitazama mara moja nikaondoa macho. Nikasafisha lenzi. Nikaketi vizuri, nikatazama tena, polepole. Duara jeupe. Ukingo safi. Ukuta unaong'aa. Nikasogeza lami kidogo, nikakuta kingine, na ubavuni mwake kimetoka kitoto.

Daktari Shabani alikuja mbio nilipomwita, akainama juu ya darubini, akabaki hapo.

"Katika maji ya mugongo nimeiona," alisema. "Katika moyo, hapana hata siku moja. Mama, haiko povu la hewa?"

"Povu halizai mutoto, Docta."

Alitazama tena. Kisha akaketi kwenye kiti changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na nikaona hofu yake. "Nikiacha dawa za kifua kikuu na kumbe ilikuwa kifua kikuu, namuua. Nikiziacha ziendelee na ni kuvu, zinamuua. Na rifampisini, ile ya kifua kikuu, inaharibu dawa ya kuvu ndani ya mwili, haziwezi kukaa pamoja."

Ndipo nikamweleza habari za Mwalimu Assani, zote, na karatasi niliyoandika "hakuna". Sikuwa nimemwambia daktari yeyote mpya habari hiyo. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alisema, "Tuongeze ushahidi, halafu tunaamua."

Tulichukua damu. Kijiti cha kutafutia kuvu hiyo katika damu kilionyesha mistari miwili kabla hata sijamaliza kufunga mrija. Kipimo cha virusi vya sida, yaani ukimwi, nacho kilijibu ndiyo, na nilikirudia kwa kipimo cha pili, kama sheria inavyotaka, kikajibu vilevile. Hapo ndipo ilipoeleweka kuvu ilipata wapi mlango. Maji ya uti wa mgongo yalikuwa safi. Ugonjwa haukuwa umefika kichwani. Tulikuwa na nafasi.

Daktari aliamua. Aliacha dawa za kifua kikuu, akapunguza prednisoloni kidogo kidogo, kwa sababu mwili ukizoea kupewa unasahau kujitengenezea wenyewe, na akaanza flukonazoli, vidonge vya kuvu, kwa kipimo kikubwa. Lakini ile dawa nzito ya kuanzia, amfoterisini, hatukuwa nayo. Alipiga simu huku na huku. Jioni ya siku ile akapata: chupa ziko Kindu, lakini zinataka baridi njia nzima, na hakuna gari linaloweza kupita kwa mvua zile.

Nataka jina la Ramazani likae katika daftari hili. Ni dereva wa pikipiki, baba wa watoto wengi, na alikuwa Kindu kwa shughuli zake. Daktari alimweleza kwa simu. Ramazani aliuliza swali moja tu: "Barafu inakaa saa ngapi?" Kisha akafunga sanduku la baridi la chanjo nyuma ya pikipiki, na katika kila kituo cha afya njiani aliamsha muuguzi wa zamu, akaacha barafu iliyoyeyuka na kuchukua iliyoganda. Mahali daraja la miti lilipokuwa limechukuliwa na maji, alivusha sanduku kwanza, kichwani, akarudi kuchukua pikipiki. Alifika siku ya tatu asubuhi, amefunikwa na tope hadi nyusi, akalifungua sanduku mbele yangu ili nipime baridi. Ilikuwa sawa. Akasema, "Sasa nipe maji ya kunywa, Mama, mimi sikuwekewa barafu."

Dawa ile, wadogo zangu, ishikeni kwa heshima. Haichanganywi na maji ya chumvi, inaganda. Ni ya glukozi tu. Lakini kabla yake mgonjwa anapewa maji ya chumvi kulinda figo. Inatetemesha. Nabintu alitetemeka hadi kitanda kikalia, na Aziza akamlalia miguuni kumpa joto. Inaumiza figo na kumaliza potasi, mojawapo ya chumvi za mwili, na potasi ikishuka moyo unapoteza hesabu. Kwa hiyo kila asubuhi nilikwenda mwenyewe kitandani kuchukua damu, ingawa kulikuwa na nyinyi wenye miguu mipya.

"Mama Labo," Nabintu aliniuliza siku ya nne, "ile damu yangu unaipeleka wapi kila siku? Iko kitu inabakia?"

"Iko inabakia kidogo. Ninakuachia ya kupikia maharage."

Siku hiyo figo zilikuwa zimeanza kulalamika. Nilirudia kipimo mara mbili, nikampelekea daktari jibu mkononi, si kwa kumtuma mtu. Alimpumzisha dawa siku moja, akaongeza maji na potasi, na figo zikatulia. Kabla ya mwisho wa wiki maji ya moyo yalirudi kidogo, yakatolewa mara ya pili. Katika wino niliziona chache, na nyingi zilikuwa zimenywea kama njegere kavu. Nilimwita daktari aje aone. Alikuja na wauguzi wawili, na kila mmoja alitazama kwa zamu yake, kama watu wanaoonyeshwa mtoto mchanga.

Jambo gumu zaidi halikuwa katika mrija. Daktari alikuwa amemwambia Nabintu habari za virusi, faraghani, na kumweleza kwamba dawa zake zitaanza baada ya wiki kadhaa, kwa sababu kinga ikiamka ghafla inaweza kupigana vita yake ndani ya mfuko wa moyo. Nabintu hakumwambia mtu. Alianza kukataa chakula. Asubuhi moja nilipokuja na sindano yangu alinishika mkono.

"Aziza akijua, atahama nyumba. Mimi nitabaki na nani kule?"

Nilimwambia siwezi kumsemea, na siwezi kumwahidi. Nikamwambia tu kwamba sijawahi kumwona mtu akilalia miguu ya mtu mwingine kwa kubahatisha. Aziza aliingia na uji. Nabintu akamtazama, akamwambia palepale, kwa sentensi moja, mimi nikiwa bado nimeshika pamba.

Aziza aliweka bakuli chini. "Mimi nilijua tangu Salamabila," alisema. "Ulikuwa naficha kukonda kwako ndani ya vitenge viwili. Nilikuwa nangoja tu uniambie. Sasa kunywa uji, unapoa."

Nabintu akanywa uji. Nilitoka na mrija wangu wa damu, nikaenda kupima potasi.

Alikaa kwetu wiki nyingi. Miguu ilirudi kuwa miguu. Siku aliyolala chali kwa mara ya kwanza wodi nzima ilijua, kwa sababu alikoroma. Dawa za virusi zilianza kwa wakati wake. Akarudi Salamabila na flukonazoli katika mfuko, na kila baada ya miezi michache akaja Kasongo kwa pikipiki kupimwa, mara nyingine akiendeshwa na Ramazani mwenyewe. Zaidi ya mwaka akameza vidonge bila kuruka. Najua kwa sababu Aziza ndiye aliyekuwa akivihesabu.

Alikuja mara ya mwisho kwa ajili ya kuvu miezi michache kabla sijastaafu. Daktari Shabani alipitisha ekografi kifuani mwake: hakuona maji, na mfuko haukuwa mgumu, jambo ambalo tulikuwa tumeliogopa, maana ukipona kwa kovu unaweza kuukaba moyo. Akamwambia dawa ya kuvu imekwisha. Nabintu alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kama kawaida ya watu wa maabara, ambao huingia wodini kama wageni.

"Mama Labo, kuja usikie," alisema.

Nikamwambia mimi ni mtu wa mirija. Ndipo nilipotambua, na nikamweleza daktari kwa aibu kidogo: katika miaka yote hiyo nilikuwa nimepima maji ya mioyo na damu ya mioyo, na sikuwahi hata siku moja kusikiliza moyo. Hakuna aliyenikataza. Sikuwahi tu kuombwa.

Daktari Shabani alivua shingoni kifaa chake cha kusikilizia, akanivika masikioni, akauweka mkono wangu ulioshika ncha yake mahali panapotakiwa, chini ya titi la kushoto. Mwanzo sikusikia kitu. Kisha nikausikia. Karibu kabisa, wazi, mara mbili mara mbili, hauna haraka. Nabintu alikuwa akinitazama usoni.

"Iko nafanya kazi?" aliuliza.

Nilitikisa kichwa kukubali.

Baada ya muda daktari aligusa bega langu. "Mama, kuna wagonjwa kumi wanangoja inje."

"Wangoje kidogo," nilisema.